Nimekuvalia

Ndege iliyonileta kutoka Amsterdam ilitua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, usiku. Nilishuka nimevaa jinzi nyeusi, sweta la kijivu na raba, mavazi ambayo kwa miaka 11 yalikuwa kama ngozi yangu ya pili. Nje, katikati ya watu waliokuja kupokea wageni, mama alikuwa amesimama na gauni la lesi la zambarau, kilemba kimekaa wima, hereni masikioni, pochi mkononi, na vile viatu vya kisigino ambavyo najua vinambana. Alikuwa ametoka Moshi, zaidi ya kilomita 40, kwenye gari la kuazima lililojaa ndugu, na gauni halikuwa na kunjo hata moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Machozi yalipopungua nikamuuliza kama anatoka kwenye shughuli. Alinishangaa.

"Shughuli si wewe? Nimekuvalia."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kuvaa, nilikuwa navaa kila siku. Kumvalia mtu, hata sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Kule Eindhoven, Uholanzi, nilivalia mvua. Nilivalia upepo na baiskeli. Asubuhi unatazama hali ya hewa kwenye simu kabla hujafungua kabati, halafu unachagua koti lisilopitisha maji na viatu visivyoteleza kwenye pedali, basi, siku imeanza. Hakuna aliyenikataza kupendeza. Waholanzi walinitendea wema mwingi. Ila wana msemo wao kwamba uwe wa kawaida tu, maana hapo tayari umeshakuwa kichaa vya kutosha, na mgeni anayetaka kukubalika anausikia msemo huo hata pale ambapo hakuna aliyeutamka. Mwaka wa kwanza nilikwenda kazini na blauzi ya kitenge. Wenzangu wakaniuliza kama ni siku yangu ya kuzaliwa. Waliuliza kwa upendo. Sikuivaa tena.

Na si kwamba hawaijui raha yenyewe. Kila Aprili 27, sikukuu ya mfalme wao, nchi nzima inavaa rangi ya chungwa, kofia hadi soksi, wazee kwa watoto, na watu wasiojuana wanachekeana barabarani. Siku hiyo niliwapenda sana. Nilitamani wasiikunje furaha ile na kuirudisha kabatini kesho yake.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni kwamba nilikuwa naishi jirani kabisa na kitenge. Ukipanda treni kutoka Eindhoven, dakika chache tu unashuka Helmond, na Helmond ndipo kilipo kiwanda cha Vlisco, kilichoanza mwaka 1846. Ufundi wa nta waliujifunza kutoka kwenye batiki za Java walipokuwa wanaitawala Indonesia, wakauingiza kwenye mashine, na soko lao kubwa likaja kuwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Yaani vitenge wanavyogombania akina mama wa Lomé na Kinshasa vinatoka kwenye mji mdogo wa mvua, ambako mtaani huvioni kwa mtu. Siku moja nilijipa moyo nikanunua yadi sita, mbayuwayu wanaruka juu ya bluu. Ghana mchoro huo wanauelewa kuwa pesa ina mabawa. Mimi niliona ndege tu, nikawapenda. Yadi zangu sita zikalala kabatini miaka minne, nikizitoa usiku kuzitazama kisha nazirudisha.

Ndizo zilizokuwa juu kabisa ya nguo zote sanduku lilipofunguliwa nyumbani Majengo. Mama alizigeuza upande huu, akazigeuza upande ule, akasema kesho tunakwenda kwa fundi.

Fundi wetu ni yule yule. Bado yuko kwenye kibaraza cha duka la vitambaa mjini, cherehani ile ile ya miguu, mvi zimeongezeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama mimi, anatazama kitambaa. Alikisugua kwa kidole gumba, akalinganisha pande mbili. "Hii ni waksi yenyewe," akasema, "tazama, huku na huku rangi ni ile ile." Vitenge vya bei nafuu huchapwa upande mmoja, mgongo wake unabaki umepauka. Hiki hupigwa nta pande zote mbili, nta inavunjwavunjwa, halafu kinazamishwa kwenye rangi ili ipenye kwenye nyufa, na ile mishipa midogo ya bluu unayoiona haijirudii popote, hata kwenye yadi mbili za jora moja. Nilikuwa nimeyasoma hayo Helmond. Kuyasikia kwa Kiswahili, kwa mtu mwenye pini mdomoni, kulinifurahisha kuliko nilivyoyasoma.

Akaniuliza, "La kuvalia wapi?"

Tazama swali hilo. Hakuanza na saizi wala mshono ninaoutaka. Fundi anataka kujua utasimama mbele ya nani. Gauni la ibada mikono inafika kwenye kiwiko na pindo linashuka chini ya goti. La send-off bega linaweza kupumua. La msibani linatulia, halipigi kelele. Nikamwambia la kanisani, na Krismasi nitalirudia kijijini, Kibosho. Akatikisa kichwa, akakitandaza kitenge mezani, akaanza kuwahesabu ndege. Kwa dakika nzima hakushika mkasi. Alikuwa anatafuta kila ndege atakaa wapi.

"Huyu nampa bega," akasema. "Hawa wawili wakutane kwenye mshono wa kati. Shingo ya ndege sikati."

Kisha futi kamba: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Alizitaja namba kwa sauti, binti anayejifunza kazi akaandika kwenye daftari lililokuwa limejaa majina. Ilikuwa katikati ya Novemba, na kila mtu wa Moshi anajua Desemba mji huu unakuwaje. Wachaga waliotawanyika Dar, Mwanza, Nairobi na kwingineko wote wanapanda kurudi mlimani, na hakuna anayetaka kufika kwa wazee na nguo ya mwaka jana. Mafundi hawalali. Mama akaanza kubembeleza, wakajibizana kwa Kichaga, sauti zikapanda, wakacheka, na gauni langu likasogezwa mbele ya watu sijui wangapi.

Tukisubiri, tulikwenda Memorial. Kwa wasioijua, hilo ndilo soko letu la mitumba, na ukitaka kujua Moshi inavaa nini anzia pale. Belo likifunguliwa asubuhi, wanaojua wameshafika, kwa sababu vitu vizuri havifiki saa nne. Nilikuta blauzi ya hariri, lebo yake ya kufulia imeandikwa kwa Kiholanzi. Nilisimama nikiishika. Kule kila mtaa una pipa kubwa la nguo kuukuu, nami nimeshatumbukiza mengi humo bila kugeuka nyuma. Hapa muuzaji alikuwa ameifua blauzi ile, ameipiga pasi ya mkaa, ameitundika kwenye henga na mkanda mwekundu kiunoni, na alikuwa ameona kitu ambacho mwenye nguo hakukiona. "Dada, hii ilikuwa inakusubiri wewe," akaniambia. Najua anamwambia kila mtu. Niliinunua, na mkanda pia.

Mama anapopita Memorial huwa hana haraka, na sababu yake ninaijua. Msichana wa miaka ya mwanzo ya 1980 alipata kitambaa kwa kupanga foleni, na foleni ikifika kwake huenda kimebaki cha rangi moja, au hakuna kabisa. Mitumba ilikuja kufurika kuanzia katikati ya miaka hiyo, biashara ilipofunguliwa. Shangazi yangu mkubwa ana lake la zamani zaidi. Alikuwa Dar vijana wa TANU walipotangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana ni marufuku. Sketi yake hakuitupa. Aliikunja chini ya sanduku, na mwaka huu, miguu yake ikiwa na baridi yabisi, ameitoa akanionyesha jinsi alivyoishona pindo kwa mkono. Alizungumza habari za sketi ile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuzungumza nami habari za harusi yake. Nilimwelewa. Watu wanadhani mapambo ni mambo ya juujuu, na mimi mwenyewe nilishaanza kuamini hivyo kule, nikijiambia kwamba kijivu ni ukomavu. Haikuwa ukomavu. Nilikuwa najificha, na nilijificha vizuri kiasi kwamba mama aliponiona pale uwanjani alinitafuta kwa macho mara mbili.

Gauni lilikuwa tayari Ijumaa. Fundi alinibana tena kidogo kiunoni, akafungua mshono wa kwapa akaushona upya kwa sababu ndege mmoja alikuwa amekaa upande, jambo ambalo nisingeliona maisha yangu yote. Jumapili niliamka kabla ya jogoo. Nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa taratibu, nikiwa na hofu ile ya mtu anayerudi mahali alipopapenda. Zipu ilipanda yenyewe. Mabega yakanyooka.

Nilipogonga mlango wa mama alikuwa anafunga vifungo. Hakusema nimependeza. Alinizungusha, akafuata ndege mmoja kwa kidole kutoka begani hadi mgongoni, kisha akakivunja kilemba changu chote nilichokifunga kwa dakika 20 na kuanza upya, kwa nguvu, akivuta hadi nyusi zikapanda. Akanipa hereni zake. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kidogo nilipoinama anitie.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kwetu imejaa madimbwi ya matope mekundu. Tuliingia kwenye bajaji kwa zamu, mmoja anamshikia mwenzake pindo. Dereva, kijana mdogo, akatia gia kwa pupa. Mama akamgusa bega.

"Taratibu, mwanangu. Tumevaa."

Kijana akageuka, akatutazama wote wawili, akavua kofia yake akaiweka pembeni, akaendesha kama amebeba mayai.