Wiki ya tatu: sasa naanza na kazi ya nyumbani

Jumamosi, saa kumi jioni, Tukuyu. Mvua ya mwezi wa tatu ndiyo imeacha sasa hivi. Chai ipo, na karatasi ya wiki ijayo bado nyeupe. Kabla sijaijaza, niandike wiki hii ilivyokwenda.

Mradi wenyewe ni mdogo: kila Jumamosi niandike wiki nzima ya Kiingereza cha kidato cha kwanza kwenye karatasi moja, halafu niifuate. Andalio la somo la kupeleka kwa mwalimu wa taaluma lipo palepale, hilo haliepukiki. Nazungumzia karatasi yangu mimi. Nina mikondo miwili, A wana 58 na B wana 61, vipindi sita vya dakika 40 kila mkondo, viwili kati yake pacha siku ya Jumanne. Watoto hawa mwaka jana walikuwa darasa la saba wakisoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili, sasa hata biolojia imewageukia Kiingereza.

Wiki ya kwanza karatasi ilikufa Jumanne. Nilikuwa nimenakili azimio la kazi tu, yaani ule mpango wa mada za kufundisha, kwa herufi ndogo. Wiki ya pili ilifika Ijumaa, ila kazi za nyumbani zilikuwa zile za "fanyeni zoezi la ukurasa fulani", na kitabu kimoja wanakitumia wanne. Matokeo yake mmoja anafanya, watatu wananakili asubuhi kabla ya mstarini. Nilikuta "becouse" ileile kwenye madaftari ya safu nzima.

Basi wiki hii nikaanzia mwisho. Nikajiuliza mtoto anaweza kuleta nini asubuhi bila kitabu, bila umeme, akiwa ameshachota maji na kukatia ng'ombe majani. Jibu: maneno ya watu wa nyumbani. Kazi ikawa hii: muulize mtu mmoja mambo matatu aliyofanya jana na moja ambalo hakufanya. Uliza kwa Kiswahili au Kinyakyusa, upendavyo, hata mkiwa mnamenya viazi. Kisha andika sentensi nne za Kiingereza. Vipindi vyote nikavipanga vielekee hapo.

Jumatatu ilikuwa he na she. Kwetu "yeye" ni yeye, Kinyakyusa hivyohivyo, kwa hiyo mtoto anaandika "My mother he" bila wasiwasi wowote. Sikufundisha kanuni. Kila mmoja alitaja mtu atakayemhoji, darasa likajibu he au she kwa sauti. Dakika 15 zilitosha.

Jumanne pacha, wakati uliopita. Vitenzi nilivichukua shambani na jikoni: cooked, washed, carried, planted, weeded. Hapa nilikaa sana, maana wanasoma -ed yote kama ilivyoandikwa, "kuked". Tuligawa ubao mara tatu: cooked na washed zinaishia kwa t, carried kwa d, planted na weeded tu ndizo zinaongeza silabi. Wakishika kwamba silabi inaongezeka pale kitenzi chenyewe kinapoishia kwa t au d, nusu ya kazi imekwisha. Kosa la kuchanganya l na r nimeliacha kwa sasa. Mlima Rungwe wenyewe tunaouona dirishani wengi wanauita Lungwe, na "We play in church" badala ya pray itasubiri zamu yake.

Jumatano niliweka imla ya B saa saba na nusu mchana. Mwalimu mzoefu wa huku angenicheka. Mvua ikashuka juu ya bati, hata mimi sikujisikia. Nikaandika sentensi ubaoni, wakaitazama, nikaifuta, wakaandika kwa kumbukumbu. Imekuwa nzuri kuliko imla yenyewe, lakini kuanzia sasa chochote cha kusikiliza kinakaa asubuhi.

Alhamisi ndiyo siku niliyoifurahia. Kosa la "I did not went" limenisumbua miaka yote, na dawa nilikuwa nayo mdomoni. Niliandika ubaoni: nilikwenda, sikwenda. Nikawauliza, ile -li- imekwenda wapi? Kimya. Kuna anayesema "silikwenda"? Wakacheka. Basi na went naye anaondoka mkikanusha: did imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kuwa go. Mmoja wa nyuma kabisa, ambaye huwa haongei, akasema, "Kwa hiyo hairuhusiwi kuwa mbili." Ndiyo hivyo. Nimeiandika hiyo sentensi yake juu ya ubao, ikakaa hadi Ijumaa.

Kusahihisha: madaftari 119 kwa dakika mbili mbili ni karibu saa nne, na saa nne sina. Nakusanya safu moja kwa siku kila mkondo, nasahihisha kosa la wiki tu. Mfano, mmoja ameleta:

"My grandmother he did not sold avocado because the price fall down."

Nimepiga mstari he na sold, basi. Fall nimeiacha ipite. Bibi, parachichi na bei iliyoanguka vyote vimo ndani ya sentensi moja, na hakunakili kwa mtu.

Jana pale stendi mama mmoja akanisimamisha. "Ndaga, mwalimu, lakini huyu mtoto ananihoji kama askari. Jana ulifanya nini, hukufanya nini! Kuna kesi?" Nikamwambia hakuna kesi, mama, ni Kiingereza. Akasema basi kesho atamdanganya.

Dosari: A wamemaliza, B wako nyuma kipindi kimoja kwa sababu Ijumaa tulitoka mapema kwa michezo. Na mtoto anayekaa peke yake na mdogo wake hana mtu mzima wa kumhoji. Huyo nimemwambia anihoji mimi.

Wiki ijayo ni maswali, na hapa nimekwama. Daraja langu la Alhamisi halifiki huko: kwenye "Je, uliuza parachichi?" -li- inabaki palepale, wakati Kiingereza kinasema "Did you sell?" na sold inaondoka tena. Nikiwaambia wafuate Kiswahili, watarudi kwenye "Did you sold?" kesho yake. Nimefikiria niwape maswali kumi tayari, wayatumie kuulizana wenyewe kwa wenyewe, kanuni ije Jumatano. Jumatatu nimeiandika kwa penseli.