Taa imebaki ya njano

Jumamosi, usiku

Nilijiambia kuhamisha PyBitmessage, programu ya kutumiana ujumbe wa siri, ni kazi ya nusu saa. Programu ni ileile, imeandikwa kwa lugha ya Python, na Python husifiwa kwamba inakwenda popote. Leo ni jioni ya tatu na ndiyo kwanza nimepata taa ya njano.

Jonathan Warren alitoa andiko la Bitmessage, mtandao unaotumiwa na programu hiyo, mwaka 2012, akiazima mawazo ya Bitcoin: hakuna seva kuu, hakuna kujisajili kwa namba ya simu. Anwani yako ni mkururo wa herufi unaoanza na BM-, na ujumbe husambazwa kwa kila aliyemo kwenye mtandao huo, ila anayeufungua ni mwenye ufunguo tu. Nilitaka kuhamisha anwani yangu ya zamani kutoka kwenye Windows hadi laptopu yenye Debian (aina ya Linux), kisha Mac.

Windows haina hadithi. Faili moja la exe, toleo 0.6.3.2 la mwaka 2018 (msishushe 0.6.2, lilikuwa na tundu la kumwezesha mtu wa mbali kuendesha msimbo kwenye mashine yako). Unabofya, unaulizwa ruhusa ya mtandao, basi. Python yake imefungwa humohumo ndani, kama konokono anavyotembea na nyumba yake.

Hapo ndipo nilipodanganyika. Kwenye Debian nilichukua msimbo wenyewe, na ukichukua msimbo, nyumba unajenga wewe. Nikaandika `python bitmessagemain.py`, nikajibiwa amri hiyo haipo. Nikajaribu `python3`, ikagoma. Programu inadai Python 2, ile ya zamani ambayo `print` haikuhitaji mabano, na ambayo msaada wake ulikoma Januari 1, 2020. Debian 12 yangu imeshaifuta. Hata ningeijenga kwa mkono, madirisha ya programu huchorwa na PyQt4, inayotegemea maktaba ya Qt4, nayo Qt4 iliondolewa tangu Debian 11. Mwishowe nikaunda mashine pepe yenye Debian 10, ambamo vyote viwili bado vimo. Kompyuta nzima ndani ya kompyuta, ili nimwandikie mtu "jaribio"! Na kwa kuwa mfumo huo umezeeka, humo sitaweka kitu kingine chochote.

Mac niimalize kwa mstari mmoja: macOS 12.3 iliing'oa Python 2.7 mwaka 2022, na mimi nguvu zilikuwa zimeniishia.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni faili moja dogo, keys.dat. Ukilibeba hilo, umebeba anwani zako zote. Ujumbe wa zamani hukaa kwenye faili jingine, messages.dat. Kwenye Windows limejificha ndani ya AppData, kwenye Linux ndani ya .config, ambayo huioni mpaka ubonyeze Ctrl+H. Nililifungua kwa Notepad nikashtuka kidogo: ni maandishi matupu, funguo za siri zimekaa waziwazi kama orodha ya sokoni. Na mkono wangu ulikuwa tayari umefungua barua pepe ili nijitumie! Siku tatu nahangaikia faragha, halafu nataka kuipakia kwenye seva ya watu. Nikatafuta flashi.

Nikanakili, nikawasha upya, na BM- yangu ikatokea palepale orodhani kama vile haijawahi kuhama. Taa chini ya dirisha ikakaa nyekundu muda mrefu, kisha ikawa ya njano. Maana yake mimi nawafikia wengine, ila wao hawawezi kunianza, kwa sababu poti 8444, mlango wa mtandao ambao programu hii huutumia, haifunguki kutoka nje hadi ndani ya mashine pepe. Ya kijani ingekuwa nzuri zaidi kwa mtandao mzima, lakini kwa kutuma na kupokea njano inatosha, na usiku huu sigusi ruta.

Nikaiandikia anwani mpya niliyoifungua kule Windows: "Umefika?" Kwanza programu ikaomba ufunguo wa hadharani wa anwani ile, yaani wa kufungia ujumbe, si ule wa siri wa kuufungulia. Ulipopatikana, ikaanza kupiga hesabu inayodaiwa kabla ya kila ujumbe, ili anayetaka kumwaga taka alipe kwa jasho la kompyuta yake. Mashine pepe niliipa kiini kimoja tu cha prosesa, kwa hiyo feni ilinguruma kweli.

Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi, Windows ilikuwa imeshaupokea. Upande wa Debian bado unasema unasubiri uthibitisho.