Mbwa anayenyamaza njiani: kutafuta na kuzalisha mbwa wa kusaka nguruwe

Shamba letu la muhogo liko Kusini Unguja, upande wa maweni, ambako udongo umejificha katika vishimo vya mawe na mkulima hupanda popote anapopata viganja viwili vya udongo. Kundi la nguruwe likiingia usiku mmoja hutosha kuondoa kazi ya miezi mingi, kwa sababu nguruwe hali akashiba akaondoka. Hufukua, hutafuna nusu ya muhogo na kuacha nusu, hukanyaga mashina machanga, na alfajiri huwa amekwisha kurudi msituni. Tangu chui wa Unguja aadimike, nguruwe hana adui wa kumhofu isipokuwa mtu na mbwa. Ndiyo maana nafuga mbwa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta mbwa wa namna moja: anayefuata harufu ya nguruwe kimya kimya, kisha akabweka pale tu anapomkuta na kumsimamisha.

Wasasi wengi niliokua nao husifu mbwa mwenye kelele, na hawakukosea kwa namna yao ya kusaka. Pakiwa na watu thelathini, nyavu zimetandwa upande mmoja na wapiga kelele wako upande wa pili, sauti ya mbwa husaidia kumsukuma nguruwe kuelekea wavuni. Sisi hatuko hivyo. Siku hizi tunatoka watu wanne au watano, tuna mikuki na mapanga tu, na mbele yetu kuna kichaka cha miiba juu ya mawe yanayokata viatu. Nguruwe wa Unguja ni nguruwe pori wa Afrika, tofauti na wale wa Pemba ambao asili yao ni nguruwe wa kufugwa waliogeuka wa mwitu. Mchana hulala kwa kundi katika kichaka kizito, na masikio yake ni makali. Mbwa akianza kubweka kwenye nyayo za jana usiku, akiwa bado mbali, kundi lote huinuka na kuondoka, na sisi tukifika tunakuta malalo yenye joto na majani yaliyobonyea.

Mbwa mkimya humfikia nguruwe akiwa bado amelala. Mbio zake huwa fupi, na mara nyingi nguruwe hugeuka akaweka mgongo kwenye jiwe au shina, akakabili. Hapo ndipo sauti inapohitajika, tena kwa haraka. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakidhani kwamba kadiri mbwa anavyonyamaza ndivyo anavyofaa. Niliwahi kuwa na dume asiyebweka kabisa, si njiani wala mbele ya nguruwe. Alikuwa na pua ambayo sijaiona tena kwa mbwa mwingine. Asubuhi moja aliingia kichakani, tukasubiri, tukamwita, na tulipomkuta ilikuwa adhuhuri, ameraruliwa ubavu kwa meno ya nguruwe, amekwisha kufa. Angebweka mara tatu tu tungemfikia. Tangu siku ile sizalishi mbwa asiyekuwa na sauti mbele ya mnyama, hata awe hodari kiasi gani.

Mbwa aliyenifundisha ninachokitafuta ni Nyota, jike mwekundu mwenye mwili mwepesi na masikio yaliyosimama, niliyepewa na mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Nilipomwona amekaa kimya huku wenzake wakitubwekea, nilimwuliza mzee, "Ami, huyu mbona hasemi?" Akanijibu, "Atasema akiwa na la kusema, mwanangu." Nilimpeleka shambani baada ya mvua za vuli, alfajiri, kwa kuwa harufu hukaa vizuri penye unyevu na hupotea upesi jua likishapiga mawe. Alikuta unyayo uliojaa maji kidogo, akauingiza pua, na mkia wake uliokuwa umejikunja ukanyooka. Nikasikia pumzi zake tu, fupi fupi, zikitoka puani. Alipofika kwenye jiwe ambalo nguruwe alijisugua, akiacha tope kwa kimo cha goti langu, alinusa tope lile, akageuza kichwa na kuingia kichakani bila hata kulia kwa hamu kama wafanyavyo mbwa wengi. Tulikaa muda mrefu pasipo kusikia chochote. Kisha ikaja sauti, kali, ya kurudiarudia, na haikuhama. Sauti inayosogea ni mbwa anayekimbiza. Sauti inayobaki mahali pamoja ni mbwa aliyemzuia mnyama. Tulijua pa kwenda.

Tabia hii ya kunyamaza njiani iko katika damu, na ndiyo iliyonitaabisha nilipoanza kuzalisha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpandisha Nyota kwa dume kubwa lililotoka mjini, lenye kifua kipana na sauti nzito, nikitumaini kupata ukimya wa mama na nguvu za baba. Walizaliwa saba. Walipokua, wote walikuwa wakibweka tangu wanaponusa unyayo. Baadaye nilisoma kwamba wafugaji wa Marekani waliochanganya mbwa wanaolia njiani na mbwa wakimya walikuta jambo lile lile, yaani watoto wa mchanganyiko wa kwanza huelekea kulia. Anayetaka ukimya basi hana budi kuupata pande zote mbili, na dume la kumpandisha lichunguzwe kama linavyochunguzwa jike.

Kosa la pili lilikuwa la uzembe. Jike akiingia joto hukaa katika hali hiyo kwa muda wa wiki tatu hivi, na kwa kawaida hukubali dume kuanzia takriban siku ya tisa tangu damu ionekane. Nilimletea dume mkimya kutoka Muyuni, wakapandana, nami nikamwachia Nyota azurure nikidhani kazi imekwisha. Sikujua wakati ule kwamba uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili au watatu. Baada ya siku sitini na tatu hivi walizaliwa watoto watano, wawili wekundu kama wazazi wao na watatu wa rangi ya mbwa koko wa dukani, na mwaka mzima nikawa napima watoto ambao sikujua wametoka kwa nani. Sasa jike wangu huwekwa bandani wiki zote tatu, mlango umefungwa kwa waya, na chakula hupitishiwa chini.

Kuwapima kunahitaji subira. Mtoto akifika miezi minne namburutia kipande cha ngozi ya nguruwe kilichofungwa kwenye kamba ndefu, kisha namwachia afuate peke yake. Neno peke yake ndilo kubwa. Mbwa huigana, na mtoto mkimya akitolewa pamoja na wakubwa wanaobweka naye atabweka, ukamhukumu kwa kosa lisilo lake. Simwondoi mtoto yeyote kabla hajatimiza mwaka na nusu, kwa sababu nimeona waliokuwa waoga wakiwa wadogo wakaja kuwa mahiri. Kaka na dada siwapandishi. Nilijaribu mara moja, wakazaliwa watoto wadogo na dhaifu. Ni afadhali kutembea hadi kijiji cha mbali kutafuta dume.

Wapo wanaoniuliza kama inafaa kuagiza mbwa wa nje. Marekani wanao mbwa kama Catahoula wa Louisiana, ambao wengi wao hukaa kimya mpaka wamkute nguruwe, na Plott wa North Carolina, ambao hulia njiani. Wasaka nguruwe wa huko humvisha mbwa mkimya ukosi wa jipiesi (GPS) ili wajue alipo. Mimi nawaona mbwa wetu wa vijijini wanatosha. Basenji, mbwa mashuhuri wa Kongo asiyebweka kama wengine, ni wa asili ya mbwa hawa hawa tunaowaita mbwa shenzi, na jina lake lina nasaba na neno hilo hilo. Mbwa aliyezoea joto, mawe na chakula kidogo ana sifa ambazo pesa hazinunui haraka.

Kuhusu dini, jamaa zangu wamenihoji, na nawajibu kwa heshima. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Mate yake tunayaosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa katika madhehebu ya Imamu Shafi. Banda liko mbali na nyumba, vyombo vyake ni vyake peke yake, na nguruwe aliyeuawa tunamzika.

Mambo mawili siyaachi. La kwanza ni paa nunga, ambaye duniani anapatikana Unguja na sehemu chache za pwani ya Kenya. Mbwa anayemfukuza paa huyo harudi tena msituni nami, na mbwa mkimya ana hatari zaidi hapa kwa kuwa hutasikia anapokosea, kwa hiyo huzoeshwa kwa kamba ndefu kwanza. La pili ni chanjo ya kichaa cha mbwa, wanapofika miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo. Wenzetu wa Pemba waliuondoa ugonjwa huo mwaka 2014, ukarudi 2016, wakauondoa tena 2018 kwa chanjo, na ambaye ameona mtu akifa kwa ugonjwa ule hahitaji kushawishiwa.

Nyota sasa amezeeka na hatoki tena. Binti yake mwekundu, mmoja wa wale wawili, yuko bandani wiki ya pili hii. Dume linatoka Makunduchi, nimelisikiliza mwenyewe asubuhi nne, na mara zote nne halikutoa sauti mpaka nguruwe alipogeuka. Kesho kutwa mwenye dume hilo ataniletea.