Mapazia ya nyumba za reli: kitambaa wachia fundi cherehani

Najenga reli ya modeli, ya treni ndogo za kuigiza zile halisi, na vijumba vyake. Kila niliyemuuliza kuhusu mapazia ya vijumba hivyo alinijibu neno moja: kitambaa. "Si utafute tu kitambaa chepesi?" Rafiki yangu fundi cherehani hapa Nakuru hata alinikatia vipande vya shifoni, nyepesi kuliko zote alizokuwa nazo, akaniapia kwamba hakuna pazia litakaloishinda hiyo. Nikapiga pasi, nikabandika. Lo! Shifoni ilikataa katakata kulala. Ilisimama mbele ya dirisha imetuna, kingo zinafumuka, nyuzi zinachomoza hadi uani.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini. Treni zangu ni za kipimo cha 1:76, kile cha Waingereza, yaani kila kitu ni kidogo mara 76 kuliko chenyewe halisi. Uzi wa robo milimita ukiukuza mara 76 unapata milimita 19, na hiyo ni kamba ya kufungia ng'ombe. Halafu kipande cha sentimita moja na nusu hakina uzito wa kujivuta chini, hata kiwe hariri.

Ninachojenga ni stesheni moja ya kubuni ya njia ya zamani ya Kisumu, ile inayotoka Nakuru kupitia Njoro, Molo na Londiani hadi Muhoroni na kushuka ziwani, ambako reli ilifika Desemba 1901. Nyuma ya stesheni kuna safu ya nyumba za wafanyakazi. (Kabla mjuaji hajainua mkono: ndiyo, reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na kwa kipimo hiki ingekuwa milimita 13. Yangu ni 16.5. Injini nililetewa kutoka Uingereza, na cha kupewa hakipimwi kwa rula.)

Dawa niliipata kwenye chai ya kifuko. Karatasi ya kile kifuko imetengenezwa istahimili maji moto, kwa hiyo haichaniki hovyo ikilowa, na ikishatoka kikombeni ina rangi ya pazia jeupe lililokula moshi wa makaa miaka mitano. Rangi hiyo huwezi kuinunua. Mwaga majani, anika, kata kipande.

Sasa mikunjo. Hapa ndipo naringa. Nenda duka la hadiwea uitishe bolti ya milimita sita, iliyochongwa hesi, ile mifereji ya kuzungushia nati, toka kichwani hadi mwisho. Kutoka jino hadi jino ni milimita moja kamili. Ikuze mara 76: kama sentimita saba na nusu, mkunjo wa pazia la sebule yoyote unayoijua. Nikapaka bolti mafuta ya mgando, nikaizungushia karatasi iliyoloweshwa kwa gundi nyeupe ya seremala niliyoizimua kwa maji, kisha nikachukua uzi wa cherehani na kuufuatisha hesi kuanzia kichwani, mfereji baada ya mfereji, nikivuta kiasi tu cha karatasi kuzama. Ukivuta kwa hasira inakatika. Asubuhi nikafungua uzi, nikapasua karatasi kwa wembe kufuata urefu wa bolti, ikafunguka ina mikunjo imesimama safu, migumu, haiendi popote. Na mzunguko wa bolti hiyo ni kama milimita 19, dirisha langu lina 16, kwa hiyo hata urefu wa pazia umeshapimwa. Ila jihadhari: hesi hupanda ikizunguka, basi mikunjo inainama kidogo. Ukikata, fuata mikunjo, usifuate ukingo wa karatasi.

Fundi wangu alipokuja kuona akatabasamu hadi masikioni. "Si nilikwambia shifoni itapendeza?" Nilinyamaza.

Vioo ni plastiki ya boksi la keki. Pazia libandike kwa gundi nyeupe, upande wa juu peke yake. Supagluu isikaribie dirisha, maana mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki na huo hautoki kwa kusugua. Na tafadhali usifunge madirisha yote sawasawa. Moja vuta pazia upande, lingine liache nusu. Nyumba ya kapera mimi nimeibandika gazeti dirishani, kama tulivyoishi wengi wetu. Ofisi ya stesheni masta haikuhitaji mikunjo: kipande cha maskin tepu kimeshushwa nusu dirisha, chini nimekibandika ukanda mwembamba wa pili kuwa kijiti cha kulivuta pazia chini.

Ndani usihangaike na kila chumba. Weka ukuta wa manila nyeusi katikati ya nyumba, jicho lisipenye dirisha hili likatokea lile. Kinachoonekana ni sebule ya mbele tu. Kochi nimelichonga kwenye raba ya kufutia ya shule, kikalio milimita sita kutoka sakafuni, na juu yake vitambaa vya kochi, maana sebule ya Kenya bila vitambaa hakuna atakayeamini ni ya hapa. Hivyo navyo ni karatasi ya kifuko, nimeitoboatoboa kwa sindano. Ukutani kuna kalenda.

Taa ziliniudhi. Muuza vifaa alinipa rezista (kifaa cha kupunguza umeme; ohmu zikizidi, mwanga unafifia) ya ohmu 1,000 kwa kila kitaa cha LED kwenye volti 12, akasema hiyo ndiyo ya kila mtu. Haiunguzi kitu, lakini nyumba iliwaka hadi kuta zikang'aa zenyewe na mapazia yakapotea kabisa. Nilipanda hadi ohmu 10,000, nikapaka kuta rangi nyeusi kwa ndani kabla ya rangi ya sebule, ndipo mikunjo ikaonekana. Paa limekaa tu juu, sijaligundisha. LED itakufa siku moja, na kabla haijafa kila mgeni atataka kuona kochi.

Gharama zote, nyumba nne na ofisi, sidhani zimefika elfu moja, na nyingi zilienda kwa taa. Bolti haikufika hamsini, na bado ninayo.