Upinde Ndani ya Jina la Zhang

Kwa siku tatu nilimwita mgeni wetu mmoja "Bwana Wei", naye akaitika bila kinyongo. Katika daftari la wageni la nyumba yetu hapa Bagamoyo alikuwa ameandika Zhang Wei, nami kwa mazoea nikadhani kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo. Wachina hutanguliza ukoo, kisha jina la mtu mwenyewe. Kwetu "Bwana Juma" si kosa, lakini kwao neno la heshima huambatana na ukoo.

Siku ya nne, chai ya tangawizi ikiwa bado inachemka, alichukua kalamu na kunichorea jina hilo nyuma ya stakabadhi. Upande wa kushoto aliweka alama iliyojipindapinda, ambayo ni upinde; upande wa kulia akaweka alama yenye maana ya "refu". Zikiunganishwa huwa Zhang, yaani kuvuta upinde, kutandaza au kufungua. Kwa kuwa kuna ukoo mwingine unaotamkwa vilevile lakini huandikwa kwa alama tofauti, mwenye jina hili hujitambulisha kwa kusema "Zhang wa upinde na refu", kama sisi tunavyosema kwenye simu "M ya Mohamedi".

Masimulizi ya kale husema kwamba Hui, wa uzao wa Huangdi, Mfalme wa Manjano, ndiye aliyebuni upinde na mshale, akatunukiwa jina hilo. Naipokea kama hadithi, ingawa inaafikiana vizuri na mchoro. Leo Zhang, pamoja na Wang na Li, ni miongoni mwa koo tatu kubwa kabisa za China. Hong Kong huandikwa Cheung, na Vietnam ni Trương. Zhang Heng, aliyetengeneza chombo cha kutambua tetemeko la ardhi mwaka 132, alikuwa na ubini huohuo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba neno hilohilo hutumika kuhesabia vitu bapa: karatasi, meza, kitanda. Sisi tulio na ngeli hatuna haki ya kushangaa.

Mke wangu, aliyekuwa akimimina chai, alitaka kujua kama mke wa Bwana Zhang naye ni Zhang. La, alijibu, mwanamke wa Kichina akiolewa hubaki na ukoo wa baba yake, na watoto kwa kawaida hufuata ukoo wa baba yao. "Kama mimi," akasema mke wangu, akamsogezea kikombe.