Daftari la kiota cha furukombe (tai mla samaki), Ziwa Naivasha

Siku ya 1. Jike amelala kiotani tangu asubuhi na hajainuka ila kujigeuza. Basi naanza kuhesabu leo. Kiota kiko juu ya mgunga wa gome la manjano ambao bado una majani. Jirani zake wengi walikufa wima ziwa lilipofurika mwaka 2020 likazamisha mizizi. Furukombe hukaa juu ya ile mikavu kuvizia samaki, lakini kulea wamechagua mti mzima.

Siku ya 9. Nilikuwa nawachanganya. Wote kichwa cheupe, tumbo la hudhurungi, mabawa meusi. Sauti ndiyo imenisaidia: alfajiri huitikiana, vichwa vimetupwa nyuma mpaka karibu viguse mgongo. Mwenye sauti nyembamba ndiye dume. Jike ana mwili mkubwa na sauti nzito. Dume naye huatamia, ila zamu zake ni fupi.

Siku ya 20. Hapa nimejiaibisha. Niliandika samaki sita kwa asubuhi moja, nikajiona nimepata rekodi. Kumbe watalii walikuwa wengi. Mwendesha boti huchukua samaki mdogo, humsokomeza kipande cha bua la mafunjo tumboni ili aelee, hupiga mluzi, kisha humrusha. Furukombe hushuka, kucha mbele, kamera zinalia. Nilipomuuliza kama haoni anawaharibu, alicheka: "Mwalimu, yule ni mfanyakazi mwenzangu." Sikupata jibu. Nimefuta kurasa mbili na kuchora safu upya: wa kuvua, wa kurushiwa.

Siku ya 31. Mvua. Kiboko alikuwa njiani, nimerudi nyumbani.

Siku ya 44. Mayai siyaoni kutoka chini, ila leo jike amesimama ukingoni, ameinamisha shingo, anamega nyama vipande vidogo kama ukucha wangu na kuvishusha polepole. Huyo analisha. Hesabu inakubali, maana mayai yao huatamiwa siku 42 hadi 45.

Siku ya 58. Vichwa viwili vyenye manyoya mepesi!

Siku ya 63. Kichwa kimoja. Nimekaa mpaka jua linazama. Kimoja.

Siku ya 90. Kinda amekuwa wa kahawia, michirizi kifuani. Mtu asiyejua angesema ni ndege mwingine kabisa. Weupe ule huchukua kama miaka mitano kukamilika. Anapiga mabawa akiwa amesimama, vijiti vinamwagika chini.

Siku ya 117. Ameruka! Kwa kweli ameanguka kwa heshima, akadaka tawi la chini na kuning'inia kidogo kabla hajajiweka sawa. Wazazi walipiga kelele ziwa zima likasikia.

Siku ya 121. Boti imepita, mluzi umelia. Dume ameondoka tawini, na kinda amegeuza kichwa kumfuata kwa macho mpaka majini. Safu ya pili: mmoja.