Bunduki ya mjomba haikuwa imekufa, ilikuwa imeganda

Aisee nimekaa na hii bunduki ya mjomba zaidi ya mwaka nikiamini imezeeka tu na hamna la kufanya. Ni Winchester Model 67, pointi tuu-tuu (.22, ule ukubwa mdogo wa risasi), ile ya risasi moja moja ambayo ukishafunga boliti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inabidi uvute mwenyewe kile kirungu cha nyuma ndo iwe tayari kupiga. Zilitengenezwa kuanzia 1934 mpaka 1963. Yangu haina hata siriali namba, na kama na wewe umerithi ya namna hii usishtuke ukidhani kuna mtu kaifuta, maana Marekani kabla ya sheria ya silaha ya 1968 viwanda havikulazimika kugonga namba kwenye bunduki ndogo kama hizi, nyingi zilitoka kiwandani hivyo hivyo.

Shida yake ilikuwa hivi, ukiweka risasi kumi, tatu hazilipuki. Unavuta kifyatulio unasikia tu kwaa! halafu kimya. Hapo unabaki umeelekeza mtutu kwenye shabaha kama nusu dakika hivi usije ukafungua boliti risasi ikachelewa kulipuka ikakuletea balaa usoni, halafu unaitoa, unaangalia, ukingo wa kitako cha ganda umeguswa kidogo tu kama umebonyezwa na ukucha. Nikalaumu risasi. Nikabadilisha risasi, mambo yale yale.

Basi nikaamua tatizo ni uchafu (kweli) na uchafu uko kwenye mtutu (si kweli). Nikachukua ule mdeki wa mjomba, yaani fimbo ya kusafishia mtutu, wa aluminiamu, ule wa vipande vitatu unavyoviunganisha kwa kuvizungusha kama skrubu, nikaanza kusugua kwa kuingilia mdomoni kwa mtutu, brashi, dawa, kitambaa, brashi tena, siku mbili nzima na mikono imevimba. Mzee mmoja tunayepiga naye shabaha akanikuta katikati ya hiyo kazi, akaniangalia kwa muda, akasema, "Kijana wangu, hiyo bunduki imekukosea nini?"

Nikacheka ila yeye hakucheka. Akaniambia kwa hizi tuu-tuu za zamani mitutu mingi iliyoharibika haikuharibiwa na risasi, imeharibiwa na wasafishaji. Na ukifikiria ni kweli kabisa. Kwa Kiswahili risasi ni ile unayopiga na risasi pia ni yale madini laini mazito, sasa kwenye tuu-tuu ya kawaida hayo maneno mawili ni kitu kimoja, ni kipande cha risasi tupu kimepakwa nta au mafuta, kinapita kwenye chuma taratibu kwa presha ndogo. Mtutu wa hivyo unapiga maelfu na maelfu bila kulika. Lakini aluminiamu ni laini, mchanga na vumbi vinajikita humo vinageuka msasa, halafu wewe unaupitisha ule msasa ukisugua mdomo wa mtutu upande mmoja, na mdomo ndo sehemu ya mwisho risasi inapoachana na bunduki, ukilika upande mmoja tu risasi inasukumwa pembeni na shabaha unaisahau.

Kwa hiyo utaratibu wangu wa sasa ni huu. Kwanza unahakikisha hamna risasi, kwa jicho na kwa kidole, hata kama umeangalia dakika tano zilizopita, na risasi zenyewe ziko chumba kingine. Unavuta boliti nyuma ukiwa umebana kifyatulio, inatoka yote, na hapo una njia ya kuingilia kwa nyuma. Mdeki uwe wa kipande kimoja. Kitambaa kimoja chenye dawa, unaacha dakika chache, viwili vitatu vikavu, basi. Kile cha mwisho kikitoka na kijivu kidogo usihangaike, ile nta ya risasi ikishatandaza mtutu vizuri bunduki yenyewe inatulia, ukiisugua yote itabidi upige risasi kadhaa ndo irudi kwenye mstari. Brashi ya shaba naitoa pale tu ninapoona vipande vya risasi vimeganda kweli kwenye mifereji ya ndani.

Ila kuna kitu kimoja nisiwadanganye, ukikuta boksi la risasi za enzi za mababu ukazipiga, hiyo kanuni ya kusafisha kidogo inakufa. Viwashio vya zamani, ile dawa inayowasha baruti ndani ya risasi, vilikuwa na chumvi ndani yake, vikilipuka vinaacha chumvi kwenye mtutu, chumvi inavuta unyevu wa hewani, na kesho yake una kutu. Remington ndo walitangaza sana risasi zisizo na hiyo shida miaka ya 1920 kwa jina la Kleanbore. Na watu wanakosea hapa, wanapaka mafuta juu ya chumvi, wakati mafuta hayayeyushi chumvi hata kidogo. Chumvi inataka maji. Unapitisha kitambaa cha maji ya moto, unakausha sana, ndo mafuta yafuate.

Sasa turudi kwenye kwaa. Mzee akaomba boliti, akaishika, akavuta kile kirungu na kukiachia pole pole, akanirudishia akasema sikiliza. Nikasikiliza. Kilikuwa kinarudi kwa uvivu, kama mlango wenye bawaba zilizojaa masizi. Kumbe hapo ndo penyewe! Hizi risasi hazina kile kidonge cha kiwashio katikati ya kitako cha ganda, kiwashio kimezungushwa ndani ya ukingo wake wote, na pini inabidi iupige ukingo uminyike kabisa ndo cheche itoke. Pini ikichelewa kidogo tu, au ikipoteza nguvu njiani, ukingo unabonyea bila kuminyika na hamna mlipuko. Na njiani kulikuwa na nini? Mafuta ya mjomba ya miaka arobaini, yaliyochanganyika na nta na moshi wa baruti yakageuka ulimbo. Ulimbo kabisa, ule wa kunasia ndege.

Sikuifumua boliti, nawashauri na nyie msifumue kama hamjawahi, springi ya mle ndani ikiruka utaitafuta chini ya makabati mpaka mwaka kesho. Nililoweka nzima kwenye kopo la mafuta ya taa usiku kucha, nje, mbali na moto. Asubuhi mafuta yamekuwa rangi ya chai ya rangi. Nikamwaga, nikaloweka tena, nikawa navuta na kuachia kirungu humo humo mpaka kikaanza kurudi kwa hasira. Chini ya kile kikucha kinachovuta ganda nilitoa kwa kijiti cha meno donge la uchafu la ukubwa wa punje ya mchele. Nikakausha, nikaweka tone moja la mafuta mepesi, tone moja nasema, halafu nikafuta hata hilo tone. Mtu anayemwagia boliti mafuta ndo anapika ulimbo wa mjukuu wake.

Nikapiga risasi hamsini, zote zikalipuka.

Kulikuwa na la pili, maganda yalikuwa yanabana kutoka. Hapa kuna sababu mbili na yangu ilikuwa nazo zote. Mjomba alipenda zile fupi, .22 Short, risasi ya 1857 ile, na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, imekatwa kwa ajili ya .22 Long Rifle ya 1887 ambayo ganda lake ni refu zaidi. Ukipiga fupi nyingi, pale zinapoishia panajengeka pete ya masizi magumu, halafu siku ukiingiza ganda refu linajibana kwenye ile pete. Hiyo inatoka kwa dawa, brashi na subira. Ya pili ni kupiga bunduki tupu, yaani kuvuta kifyatulio bila risasi ndani, tabia ya watoto wote waliowahi kuishika bunduki hii nikiwemo mimi. Pini isipokuta ukingo wa ganda kwenye bunduki nyingi za zamani inagonga ukingo wa chemba yenyewe, inauchimba, chuma kinavimba kuingia ndani. Niliona alama yake kwa tochi. Hiyo sikuigusa, nilipeleka kwa fundi bunduki, ana kifaa cha kupigia pasi ile sehemu irudi ilivyokuwa, akamaliza muda mfupi tu.

Nje sina mengi. Kutu ya juu juu unatoa kwa mafuta na stiluuli (sufi ya chuma), ile laini kabisa ya sifuri nne, sio ya kusugulia masufuria, na unajaribu kwanza sehemu iliyofichwa na mti. Siki msitie. Mi nilitumbukiza skrubu moja kwenye siki, kutu ikatoka na ule weusi wa bluu wa kiwandani nao ukatoka, sasa nina skrubu moja nyeupe inayonicheka kila nikigeuza bunduki. Na bisibisi iwe inajaa kwenye mfereji wa skrubu sawasawa, ile ya ncha nyembamba inateleza na kutafuna vichwa. Kitako cha mti cha bunduki usikipige msasa, kifute tu, kikaukie, paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kiganja. Vile vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje ukavirundika kwenye ndoo, vinajipasha vyenyewe mpaka vinawaka moto bila kiberiti, vitandaze nje vikauke. Na nawa mikono kabla hujala, vumbi la risasi ni sumu.

Kuhifadhi, kabatini kwa kufuli, mdomo ukiangalia chini ili mafuta yasichuruzike yakaozesha mti wa kitako. Sio kwenye mkoba wa ngozi, ngozi inatunza unyevu.

Mdomo wa mtutu ndo umebaki. Umelika upande wa kulia, kazi ya mjomba ya miaka mingi na ya kwangu ya siku mbili, na mzee anasema ukatwe kidogo uchongwe upya. Bado sijakubali, inapiga vizuri kiasi cha mimi kuridhika. Ule mdeki wa aluminiamu sijautupa, sasa hivi umeshikilia pazia la dirisha langu.